Wimbo wa Tatu na Wimbo wa Nne

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunawaomba mtuvumilie, kwa maana tunataka kuzungumza juu ya santuri ya zamani ya Waingereza wapiga magitaa. Msishangae. Nyumba nyingi zina baba, mjomba au babu mwenye nyimbo zake za ujanani ambazo hataki ziguswe. Zamani alizitunza kwenye santuri na kanda. Siku hizi zimo ndani ya simu, na Jumamosi jioni huzifungulia sauti mpaka jirani akajua. Watoto nao huzidaka. Neno wanalolijua wanaliimba, na wasilolijua wanalibuni. Sisi tuko jikoni, tunasikia mdundo, maneno yanatupita.

Santuri yenyewe ni ile ya bendi ya Beatles iitwayo Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyotoka Uingereza mwishoni mwa Mei 1967. Vijana wanne wa Liverpool, yaani John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, walikuwa wamechoshwa na safari za maonyesho. Mnamo Agosti 1966 walifanya onyesho la mwisho la ziara zao huko San Francisco, kisha kuanzia Novemba wakajifungia studio mjini London mpaka Aprili iliyofuata. Humo wakatoka na nyimbo 13. Ni santuri inayotajwa mpaka leo kila watu wanapopanga orodha ya santuri kubwa za roki.

Wazazi wengi wa wakati ule hawakuipokea kwa mikono miwili, na walikuwa na sababu. Mwaka 1966 gazeti moja la London lilimnukuu Lennon akisema kwamba bendi yao ilikuwa inapendwa kuliko Yesu. Maneno hayo yalipofika kusini mwa Marekani, vituo vya redio viliita watu wachome santuri zao hadharani. Kwa hiyo santuri hii ilipotoka mwaka uliofuata, masikio mengi yalikuwa yameshategwa kusikia ubaya. Na anayetega sikio kusikia ubaya hakosi kuusikia, hata pale usipokuwepo.

Hebu tuanze na vituko vyenyewe, kwa maana vipo vya kutosha. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Lennon aliingia katika duka la vitu vya kale mjini Sevenoaks akanunua bango la sarakasi la mwaka 1843. Lilikuwa la onyesho la Pablo Fanque huko Rochdale. Huyu Fanque alikuwa Mwingereza mweusi, mzaliwa wa Norwich, aliyekuwa na sarakasi yake mwenyewe nyakati ambazo jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Lennon alilitundika bango ukutani na karibu kila kitu akakitoa humo: majina ya wanasarakasi, pipa la moto, na farasi. Kwenye bango farasi anaitwa Zanthus. Lennon akambadilisha jina kuwa Henry. Basi! Kwa kuwa wahuni wa mitaani walikuwa wakiita dawa ya heroini kwa jina la farasi, watu wakasema wimbo mzima ni wa heroini. Farasi wa watu wa mwaka 1843, aliyekuwa akijitafutia majani yake, akatiwa hatiani.

Katika wimbo huohuo kuna neno la Kiingereza cha kale lililotoka kwenye mabango ya namna hiyo. Siku zile lilimaanisha kwamba wanasarakasi fulani walikuwa zamani wa sarakasi ya bwana fulani, sasa wamehamia kwingine. Kijana wa leo akilisikia anajua maana moja tu, kwamba hao watu ni marehemu. Anashangaa jinsi marehemu wanavyoruka pete za moto.

Kuna pia wimbo juu ya mwanamke aitwaye Rita, mwenye kazi ya kukagua mita za maegesho na kuwaandikia faini wenye magari. Askari wa namna hiyo walikuwa wageni Uingereza, walianza kazi London mwaka 1960, na jina analoitwa Rita katika wimbo McCartney alilitoa Marekani. Mtoto aliyezoea kulipia maegesho kwa simu itabidi aelezwe hata mita ni kitu gani. Lakini kwetu sisi kichekesho ni kingine: kijana anamtoa Rita kwa chakula cha jioni, hesabu inapoletwa mezani, Rita ndiye anayelipa. Mwaka 1967 hilo lilikuwa la kushangaza. Baadhi ya wasomaji wetu watasema hata leo.

Wimbo anaoimba Ringo, wa pili, nusura uwe na neno jingine. Wenzake walimwandikia mstari wa kuwauliza wasikilizaji kama wangemrushia nyanya. Akakataa katakata. Mashabiki walikuwa wakiwarushia peremende jukwaani kwa sababu tu mmoja wao alisema anazipenda, naye hakutaka kukaribisha nyanya kwa kinywa chake mwenyewe. Mstari ukabadilishwa. Wimbo huo nao haukupona: mwaka 1970 Makamu wa Rais wa Marekani, Spiro Agnew, aliushutumu hadharani kuwa ni wa kusifu dawa za kulevya.

Na mwisho kabisa wa santuri ya Uingereza, muziki ukishakwisha, waliweka sauti nyembamba sana ambayo mbwa huisikia kuliko binadamu, halafu maneno ya ovyoovyo yasiyo na maana yoyote, yanayojirudia mpaka mtu anyanyuke aondoe sindano. Watu walichukua maneno hayo wakayapiga kinyumenyume wakadai wanasikia matusi. Fikiria, mama mwenzetu, mtu mzima anageuza santuri kinyumenyume ili atukanwe.

Tuje sasa kwenye wimbo wa tatu, uliofanya kelele kuliko wote. Unaitwa Lucy in the Sky with Diamonds, yaani Lucy yuko angani pamoja na almasi. Watu walizichukua herufi za kwanza za majina yaliyomo, wakapata LSD, dawa kali ya kulevya inayomfanya mtu aone yasiyokuwepo. Wakasema, mmeona? Lisemwalo lipo.

Lennon alilikana jambo hilo mpaka kufa kwake. Alieleza kwamba mwanawe Julian, mtoto wa miaka mitatu au minne hivi, alirudi kutoka shule ya chekechea na picha aliyoichora. Baba alipomuuliza ni nini, mtoto akajibu kwamba ni rafiki yake Lucy yuko angani na almasi. Huyo Lucy alikuwepo kweli, alikaa darasa moja na Julian. Alifariki mwaka 2009 kwa ugonjwa wa lupasi. Ile mito na maua ya ajabu iliyomo kwenye wimbo, Lennon alisema aliitoa katika vitabu vya watoto vya Lewis Carroll alivyovisoma utotoni.

Macho ya msichana wa wimbo huu yanafananishwa na kaleidoskopu, kile kibomba cha kuchezea watoto chenye vioo na vipande vya rangi vinavyobadilika ukikizungusha. Neno ni gumu, na mwimbaji analipita haraka. Waingereza na Wamarekani wenyewe, wenye lugha yao, wengi walisikia kwamba anapita msichana mwenye ugonjwa wa utumbo mpana! Kwa hiyo mama, mwanao akiimba Kiingereza chake cha kubuni usimcheke sana.

Wimbo huu umefika mbali kuliko ulivyokusudiwa. Mwaka 1974 wataalamu walichimbua mifupa ya kale sana huko Hadar, Ethiopia. Kambini usiku walikuwa wakipiga kanda ya wimbo huu, na mifupa ikapewa jina la Lucy. Waethiopia wana jina lao, Dinknesh, lenye maana ya wewe ni wa ajabu. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro nchini Tanzania, wataalamu wengi wanasema ziliachwa na jamii hiyohiyo. Hivyo mchoro wa mtoto wa chekechea umetajwa mpaka katika madarasa ya watoto wetu.

Hatusemi kwamba vijana hawa walikuwa malaika. McCartney mwenyewe alikiri mbele ya televisheni mwezi Juni 1967 kwamba amekwisha kutumia LSD, na baadaye hakuficha kwamba dawa hizo ziligusa nyimbo zao. Wazazi walioogopa hawakuogopa moshi bila moto. Shirika la utangazaji la BBC nalo liliukataza wimbo wa mwisho wa santuri, A Day in the Life, likisema unaweza kuwavuta vijana kwenye dawa za kulevya. Humo mna mashimo 4,000 ya mji wa Blackburn, ambayo baadhi ya watu walifasiri kuwa ni matundu ya sindano mikononi mwa watumiaji. Ukweli ni kwamba Lennon aliyakuta katika gazeti la Januari 1967: halmashauri ya mji ilikuwa imehesabu mashimo ya barabarani. Sisi tunaosafiri kwa basi dogo tunaelewa kabisa jinsi mashimo ya barabara yanavyoweza kumfanya mtu atunge wimbo.

Lakini sasa angalieni. Wimbo wa tatu ukiisha, bila hata kunyanyua sindano, unaanza wimbo wa nne. Unaitwa Getting Better, yaani mambo yanakuwa afadhali. Ni mwepesi, wa kuchangamsha, gitaa linagonga kama mtu anayepiga hatua kwenda sokoni asubuhi. Mtoto anaweza kuucheza. Katika ubeti wake wa mwisho mwanamume anaeleza kwamba zamani alimtendea ukatili mwanamke wake, alimpiga, na alimtenga na mambo aliyoyapenda. Kisha anasema kwamba anajitahidi kubadilika, na kiitikio kinarudi kwa furaha ileile.

Hapa hakuna fumbo. Hakuna herufi za kwanza wala farasi, wala haihitajiki kupiga santuri kinyumenyume. Ni Kiingereza cha mtoto wa darasa la tano. Na maneno ya nyimbo zote yalichapwa nyuma ya jalada, jambo ambalo bendi nyingi zilikuwa hazijalifanya bado, hivyo aliyetaka kusoma alisoma. Wimbo wa Lucy ulipigiwa kelele dunia nzima. Wa mashimo ya barabara ukakatazwa redioni. Wa mwanamume aliyempiga mkewe ukapita mlangoni mchana kweupe na wala haukuulizwa unakwenda wapi.

Kwa nini? Sisi tunaona ni kwa sababu jambo lenyewe halikuwashangaza watu. LSD ilikuwa kitu kigeni, cha kutisha. Kofi la mume lilikuwa kitu cha nyumbani. Sikio linashtuka kwa lisilolijua, na lile lililolizoea linaliacha lipite pamoja na mdundo. Akina mama, tuulizane kwa uaminifu: ni nyimbo ngapi za kwetu, za lugha tunayoielewa neno kwa neno, tumezicheza kwenye harusi huku ndani yake mwanamke anatukanwa au anatishiwa kipigo?

Maneno yale McCartney ndiye aliyeyaimba, lakini yaliandikwa na Lennon, naye hakuyabuni. Katika mahojiano na jarida la Playboy mwaka 1980 alisema waziwazi kwamba alikuwa akijizungumzia mwenyewe, kwamba aliwahi kuwapiga wanawake. Mkewe wa kwanza, Cynthia, alieleza kisa kimoja katika kitabu alichokitoa mwaka 2005. Walikuwa bado wanafunzi wa chuo cha sanaa Liverpool. Lennon alikasirika kwa kuwa Cynthia alicheza dansi na rafiki yake, na kesho yake akampiga kofi la uso hata kichwa kikagonga mabomba ya ukutani. Cynthia hakubishana naye. Alimwacha, na ikapita miezi mitatu kabla kijana hajapata ujasiri wa kumwomba msamaha na kumsihi arudi. Cynthia aliandika kwamba hakumpiga tena.

Wako watakaosema, basi wimbo huu ni ungamo, na ungamo ni jambo jema. Tunakubali nusu. Ni kweli mwanamume anataja kosa lake kwa jina lake, na wapo wanaume wengi ambao hawajafika hata hapo. Lakini tazama nani anayesema. Ni yeye anayesema alikosa, na ni yeye huyohuyo anayetangaza kwamba mambo yanakuwa afadhali. Mwanamke hasemi kitu. Hatusikii kama amepona, kama amerudishiwa yale aliyotengwa nayo, wala kama yeye naye anaona afadhali hiyo. Mama ambaye amewahi kuahidiwa kwenye kikao cha wazee kwamba mume amebadilika, anajua tofauti ya kauli hizo mbili. Anayejua kama mkono umetulia kweli ni yule uliokuwa ukimwangukia. Kwa hiyo Cynthia alikuwa na busara kuliko wimbo: alikaa mbali miezi mitatu.

Katika mahojiano yale ya 1980 Lennon alisema pia kwamba angehitaji kuwa mtu mzima zaidi kabla ya kuweza kukabili hadharani jinsi alivyowatendea wanawake alipokuwa kijana. Desemba ya mwaka huohuo aliuawa kwa risasi New York. Alikuwa na miaka 40.

Kama nyumbani kwenu kuna kijana wa kiume anayeupenda wimbo huu, hatushauri kumnyang'anya simu. Mwulize anafikiri yule mwanamke angeimba nini kama angepewa ubeti wake. Majibu ya vijana juu ya swali kama hilo humwonyesha mama mengi kuliko kupekua mifuko.

Upande huohuo wa santuri kuna wimbo mwingine unaotuhusu, She's Leaving Home, juu ya binti anayetoroka nyumbani. McCartney aliona habari katika gazeti la Februari 1967: msichana wa miaka 17 wa London ametoweka, ameacha gari lake na kabati la nguo, baba yake haelewi amekosa nini. Katika wimbo binti anaondoka alfajiri akiacha barua, mama anaiokota akiwa bado na nguo za kulalia na kumwita mumewe. Wale wanaume wanne hawapigi chombo hata kimoja humo. Ni vinanda vya nyuzi na kinubi, na aliyepiga kinubi, Sheila Bromberg, ndiye mwanamke wa kwanza kupiga muziki katika santuri yao. Kwa kweli msichana wa gazetini aliondoka mchana, wazazi wakiwa kazini. Na ajabu ni kwamba mwaka 1963 McCartney alikuwa amemtangaza binti huyohuyo mshindi wa shindano la televisheni, bila kujua kwamba siku moja angemwimba.

Tunaupenda wimbo huu kwa jambo moja: wazazi wanapewa nafasi ya kusema. Sauti ya binti inasimuliwa juu, na chini yake wazazi wanahesabu walichotoa, jinsi walivyojinyima, jinsi walivyonunua kila kilichonunulika. Sehemu hiyo ni ya Lennon, na alisema maneno hayo aliyasikia kwa shangazi yake Mimi, dada wa mama yake, aliyemlea. Ni nani kati yetu hajawahi kuyatamka? Neno lililochakaa humo ni jibu la wimbo, kwamba binti alikosa raha. Hapo tunaona waandishi walikuwa bado vijana wa miaka ishirini na kitu. Mtoto aliyezungukwa na vitu na asiye na wa kuzungumza naye, alichokikosa si raha.

Tumalizie na wimbo wa wazee, When I'm Sixty-Four, ambao akina mama wengi huupenda hata wasipojua maana yake. McCartney aliutunga sauti yake akiwa na miaka kama 16, akaurekodi mwishoni mwa 1966, mwaka ambao baba yake alitimiza 64. Kijana anamwuliza mpenzi wake kama bado atamtunza atakapokuwa mzee. Atatengeneza fyuzi, mke atafuma sweta karibu na moto, watajibana ili wapangishe nyumba ndogo kwenye Kisiwa cha Wight wakati wa kiangazi, na wajukuu watakaa magotini. Kwa mvulana wa miaka 16, mtu wa miaka 64 alikuwa ameshafika ukingoni. McCartney sasa amepita 80, na wiki moja baada ya kutimiza umri huo, Juni 2022, alipanda jukwaani Glastonbury akaimba kwa zaidi ya saa mbili.

Mkewe Linda, waliyeoana mwaka 1969, alifariki Aprili 1998 kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 56. Miaka 64 McCartney aliitimiza mwaka 2006 bila yeye. Katika wimbo lile swali linaulizwa kwa adabu na kwa mzaha, kama barua inayosubiri kujibiwa kwa kadi ya posta. Jibu la mke halimo kwenye santuri.